Mwanangu anaitwa shoga shuleni, mwalimu anasema atembee kiume

SWALI

Salaam kwenu washauri. Mwanangu wa kwanza ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Ni mpole, sauti yake bado nyembamba, na marafiki zake wengi ni wasichana anaoimba nao kwaya. Tangu muhula huu uanze, wavulana watatu wa darasa lake wamemwandama. Walianza kwa kumwita "shoga", sasa wanamwita "mke wetu". Katika wiki tano begi lake limetupwa chooni mara mbili, amesukumwa kwenye ngazi akaumia bega, na picha ya uso wake imebandikwa kwenye mwili wa mwanamke na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Yeye hakuniambia lolote. Aliyeniambia ni mdogo wake wa kike, anayesoma hapo hapo.

Hanywi maji asubuhi. Akirudi nyumbani hukimbilia choo kabla hajavua viatu. Jumapili jioni tumbo linamuuma, na siku ya michezo vilevile.

Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa. Akaniuliza, "Kwani mama, nyumbani hujaona kitu?" Akasema nimfundishe kutembea kiume na aachane na wale wasichana, wenzake watanyamaza. Mwalimu wa nidhamu anataka awakalishe wote wanne ofisini wapeane mikono, yaishe. Baba yake anasema ama tumhamishe, ama ajifunze kupigana.

Nimuulize kama kweli yuko hivyo? Nikilalamika kwa maandishi, si ndiyo shule itaanza kumchunguza yeye badala ya wale wavulana? Na kumhamisha kutasaidia?

Mama wa kidato cha pili

JIBU

Mama, tuanze na lile swali la mwalimu wa darasa, maana ndilo lililokiharibu kikao chenu. Ulipeleka habari ya bega lililoumizwa, ukarudi nyumbani na mzigo wa kuchunguza mwendo wa mtoto. Swali liligeuzwa, na tangu hapo kila mtu analijibu hilo lililogeuzwa: mwalimu, mumeo na wewe mwenyewe. Karibu yote tutakayokuambia hapa ni namna ya kulirudisha mahali pake. Shule haina haja ya kujua mwanao anampenda nani. Ina haja ya kujua nani alimsukuma, kwenye ngazi zipi, saa ngapi, na mwalimu gani alikuwa zamu.

Neno lenyewe pia lisikuyumbishe. Wako wanawake walioitana shoga maisha yao yote wakimaanisha rafiki wa moyoni, na hakuna aliyewashangaa. Mdomoni mwa wavulana hawa limekuwa rungu. Na rungu hilo halina macho: linampiga mvulana asiyependa mpira, mwenye mwandiko mzuri, aliyekataa kumshika msichana makalio walipomchochea. Msichana mwenye kifua kipana na sauti nzito huitwa jikedume kwa sababu ileile. Miongoni mwa wanaopigwa nalo wapo wanaopenda wa jinsia yao, na wapo wengi wasiopenda. Anayelirusha hajui, wala hahitaji kujua. Anachotaka ni kuwaonyesha wenzake kwamba yeye yuko upande salama wa mstari.

Ndiyo maana ule ushauri wa kutembea kiume haufanyi kazi hata ukifuatwa kikamilifu. Akirekebisha mwendo, watahamia kwenye sauti. Akikaza sauti, watahamia kwenye anavyoshika kalamu. Naye atakuwa anajilinda kila dakika, darasani, mstarini, kwenye foleni, na akili inayofanya kazi hiyo haibakizi nafasi ya hesabu. Kumtenga na wasichana wa kwaya ni kosa kubwa zaidi: hao ndio ukuta wake pekee kwa sasa, na mwalimu anapendekeza ubomolewe.

Kabla ya barua yoyote, hakikisha yuko salama. Angalia kama anagawa vitu anavyovipenda, kama anasema maneno ya aina ya "mngepumzika nisingekuwepo", kama anavaa mikono mirefu wakati wa joto, kama ana mikwaruzo iliyojipanga mapajani au mikononi, au kama ametulia ghafla baada ya wiki nyingi za huzuni. Ukiona hata moja, muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Watu wazima wengi huliogopa swali hili wakidhani litamtia wazo. Halimtii wazo, humwonyesha kwamba jambo hilo linaweza kusemwa kwako. Akijibu ndiyo, muulize kwa njia gani na lini. Kama ana njia na siku, asilale peke yake, dawa zote za nyumbani na sumu za wadudu na panya zifungiwe au zitoke, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo kama ambavyo ungempeleka mtoto anayeshindwa kupumua.

Suala la maji nalo ni la kitabibu, si la woga tu. Mtoto anayezuia mkojo na choo kutwa nzima, siku tano kwa wiki, anaweza kuishia kupata choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Maumivu ya Jumapili jioni huenda ni hofu, na hofu huumiza tumbo kweli. Lakini yanaweza pia kuwa yamechanganyika na hilo la pili. Mpeleke kwa daktari, mweleze wazi kwamba hanywi maji kwa sababu anaogopa kushambuliwa kwenye vyoo vya shule, na omba sentensi hiyo iandikwe kwenye kadi yake. Bega nalo lipimwe siku hiyohiyo. Usiongeze maelezo mengine. Cheti chenye tarehe, kilichoandikwa na mtu asiye wa familia, kitakuwa na uzito ofisini kuliko machozi yako.

Sasa swali lako la kwanza. Usimuulize. Si kwa sababu jibu ni la aibu, bali kwa sababu ya wakati na mdomo. Wiki tano amekuwa akiulizwa hilo kwa matusi. Likitoka kwako atasikia kwamba hata nyumbani kesi imefunguliwa. Zungumza naye juu ya unachokijua tayari, mkiwa mnatazama upande mmoja, mnaosha vyombo au mnatembea, kwa kuwa watoto wa umri huu husema zaidi wasipotazamwa usoni. Kwanza mwombe ruhusa mdogo wake, la sivyo utapoteza watoa habari wawili kwa mkupuo. Kisha sema machache: "Najua wanachokufanyia shuleni. Kosa si lako. Sitakwenda kokote kabla sijakuambia. Na hakuna kitu kukuhusu utakachoniambia kitakachonifanya niache kuwa mama yako." Halafu nyamaza. Sentensi ya mwisho inaacha mlango wazi bila kumsukuma apite.

Huenda akasema, "Lakini mama, mimi siko hivyo." Jibu linalokimbilia mdomoni ni "Afadhali!" Limeze. Neno hilo moja litamfundisha, yeye na mdogo wake anayesikiliza kutoka chumba cha pili, ni kitu gani hakisemeki katika nyumba hii. Sema tu, "Sawa. Uwe hivyo usiwe hivyo, hawana haki ya kukugusa." Huenda akasema "ndiyo", au "sijui". Kwa miaka 14, "sijui" ni jibu kamili, usilichokonoe. Akisema ndiyo, mshukuru kwa kukuambia, kisha muulize nani mwingine anajua, na kama anataka baba yake ajue sasa, baadaye, au asijue kabisa. Siri hiyo ni yake. Usiipeleke kwa shangazi, kwa kiongozi wa dini wala kwa mwalimu kwa nia njema. Caitlin Ryan na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa vijana wa miaka 21 hadi 25 wanaopenda wa jinsia yao. Wale waliokumbuka kukataliwa sana na familia zao walipokuwa wadogo walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Kwa hiyo kile kitakachotokea jikoni kwako ni sehemu ya tiba, hata kabla shule haijasogea.

Anza daftari leo. Andika kila tukio peke yake, na jaza mambo haya: siku, saa, mahali, nani alifanya nini kwa mkono au kwa mdomo, maneno yenyewe bila kuyapamba, nani alikuwepo, mwalimu wa zamu alikuwa wapi, madhara, na nani aliambiwa baadaye. Mfano wa namna inavyopaswa kusomeka:

"Jumanne tarehe 12, saa 4:20 asubuhi, mapumziko, ngazi za jengo la maabara. A. alimsukuma mgongoni kwa mikono miwili akasema 'pita, mke wetu'. B. alicheka. C. alikuwa anarekodi kwa simu. Walioona: D. na E. Hapakuwa na mwalimu. Bega la kushoto lilivimba. Hakuna aliyeambiwa."

Linganisha na "wanamwonea kila siku". Hiyo ya pili mkuu wa shule ataijibu kwa neno moja, utoto, na kikao kimekwisha. Ya kwanza haijibiki hivyo, maana inataja ngazi ambazo mtu alipaswa kuzisimamia. Mtoto hatakumbuka tarehe, lakini anakumbuka kipindi: "ilikuwa tunatoka kemia". Chukua ratiba ya masomo, utapata siku na saa. Mpe dakika tano jioni, yeye aseme wewe uandike, na akishasema usimrudishe tena kwenye tukio lilelile. Ukijaza matukio sita au saba hivi, utaona yanajirudia mahali pawili au patatu. Kwa kawaida ni vyoo, ngazi, chumba cha kubadilishia nguo na njia ya kwenda nyumbani, yaani kila mahali ambapo hakuna mtu mzima.

Jeraha lipige picha mbili, moja ya mbali inayoonyesha uso na moja ya karibu, halafu rudia siku ya pili na ya tatu, kwa sababu weusi wa mchubuko mara nyingi hujitokeza baadaye. Begi lililotupwa chooni usilifue kabla hujalipiga picha.

Picha ya WhatsApp inataka uangalifu wa pekee. Je, ule mwili wa mwanamke umevaa nguo? Kama hauna nguo, au una pozi la ngono, usiisambaze kwa yeyote, hata kwa mkuu wa shule kama ushahidi, wala usijiwekee nakala. Katika nchi nyingi picha ya ngono yenye uso wa mtoto ni kosa la jinai kwa anayeituma na kwa anayeihifadhi, na nia njema inaweza isikuokoe. Andika tu inaonyesha nini, nani aliituma, siku na saa, iache ilipo kwenye simu, na simu yenyewe ionyeshwe kwa ofisi inayoshughulika na ulinzi wa watoto. Kama mwili una nguo za kawaida, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kundi, tarehe, saa, na namba ya mtumaji. Namba, si jina, kwa kuwa jina ni lile ulilolihifadhi wewe na mtu anaweza kusema umelibuni. Usikate pembeni. Chukua na maoni yaliyofuata chini yake, kwa sababu waliocheka ni sehemu ya habari. Ukishamaliza hayo ndipo aripoti picha hiyo ndani ya programu na atoke kwenye kundi. Asijibu neno. Na tafadhali usimnyang'anye simu "kwa usalama wake". Mtoto anayepoteza simu baada ya kusema hatasema tena.

Barua mpelekee mkuu wa shule, si mwalimu wa darasa. Iwe ukurasa mmoja, na orodha ya matukio iambatishwe nyuma:

"Yah: Mwanafunzi wa kidato cha pili kushambuliwa na kudhalilishwa. Katika wiki tano zilizopita mwanangu ameshambuliwa mara sita na wanafunzi watatu wa darasa lake, kama orodha iliyoambatishwa inavyoonyesha. Nilimweleza mwalimu wa darasa na mwalimu wa nidhamu kwa tarehe zilizotajwa humo. Tangu hapo yametokea matukio mengine mawili. Naomba kuanzia kesho mtu mzima awepo kwenye ngazi za maabara na kwenye mlango wa vyoo wakati wa mapumziko. Mwanangu aruhusiwe kutumia choo cha karibu na ofisi kwa muda, kwa mujibu wa cheti cha daktari. Wanafunzi watatu wahojiwe kila mmoja peke yake. Na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 za masomo. Naomba mambo binafsi ya mwanangu yasijadiliwe na watu wasiohusika."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Idadi na tarehe ziwe zile za daftari lako, usizizidishe hata kidogo. Kosa moja dogo litatumika kuangusha mengine yote.

Hapa ndipo hofu yako ya pili inapojibiwa. Hakuna mahali barua hii inaposema mwanao ni nani. Matusi yamo kwenye orodha, kama maneno yaliyotamkwa na wengine. Wazazi wengi hupotea kwa sentensi moja: "wanamwita shoga ilhali yeye si shoga." Wanadhani wanamkinga. Wanachofanya ni kuweka mezani hoja ambayo shule inaweza kuichunguza, na kukubali kimyakimya kwamba kama angekuwa, kipigo kingekuwa halali. Usikanushe, usithibitishe. Mwalimu akikuuliza tena kama hujaona kitu nyumbani, jibu lako liwe hili: "Nimeona bega limevimba, na cheti hiki hapa. Tuzungumzie ngazi." Lirudie mara tatu kama lazima.

Tahadhari hii ina uzito zaidi pale sheria zinapowaadhibu watu wazima kwa mapenzi ya jinsia moja, kwa kuwa shule inaweza kukimbilia kumfukuza mtoto au kumwita polisi badala ya kuwaonya waliompiga. Kama uko mahali hapo, onana na mwanasheria au shirika la haki za watoto kabla ya barua kwenda. Msingi wako unabaki uleule. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia isipokuwa Marekani, unataka katika kifungu cha 19 mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili, wa mwili na wa akili, na kifungu cha 16 kinalinda faragha yake. Kifungu cha 19 hakiulizi ni mtoto wa namna gani. Hata huko Marekani, mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliwaruhusu wakuu wa shule za Wisconsin washtakiwe na Jamie Nabozny, aliyepigwa na kudhalilishwa kwa miaka kadhaa huku akiambiwa alitegemee hilo. Baadaye mwaka huohuo wakuu hao walionekana kuwajibika kwa kutomlinda, na kesi ikamalizwa kwa malipo ya karibu dola milioni 1.

Shule ikipendekeza mtoto apelekwe kwa mtu wa "kumrekebisha", kataa papo hapo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna cha kutibiwa, na majaribio ya kutibu huumiza. Vivyo hivyo kataa uchunguzi wowote wa mwili wa kutafuta "dalili". Hauna thamani ya kitabibu na ni ukatili mwingine juu ya ule wa kwanza. Mshauri wa kushughulikia hofu na usingizi, huyo mkubali.

Kuhusu kupeana mikono. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Sweden miaka ya 1970, aliutenga na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: umekusudiwa, unarudiwa, na nguvu hazilingani. Usuluhishi hufaa watu wenye nguvu sawa na kosa la pande mbili. Hapa ni watatu kwa mmoja, na yeye hana alichowakosea cha kusamehewa. Ukimkalisha nao meza moja atasema yameisha, kwa kuwa baada ya dakika kumi atatoka nao mlango mmoja, na wao watakuwa wamejifunza nani kasema. Mwambie mwalimu wa nidhamu kwa heshima kwamba mwanao hatahudhuria kikao hicho. Badala yake watatu waitwe kipindi kimoja, vyumba vitatu, ili wasipangane. Waulizwe kwa kutumia orodha ya matukio na yale yaliyoonwa na wengine, bila kusema mwanao alileta taarifa. Na kila mmoja aambiwe kwamba kisasi, hata cha kumtumia mtu mwingine, kitahesabiwa kama kosa jipya. Wazazi wao waitwe baada ya hapo, si kabla. Kuwafukuza mara moja kunapendeza masikioni, lakini shule inayojua adhabu pekee ni kufukuza mara nyingi huishia kutofanya lolote, kwa kuwa inaiona kubwa mno kwa "maneno".

Kuna kundi ambalo barua za wazazi hulisahau, nalo ni darasa zima. Christina Salmivalli na wenzake huko Finland walionyesha mwaka 1996 kwamba katika uonevu kila mtoto ana nafasi yake: anayeongoza, anayesaidia, anayecheka na kushangilia, anayetazama pembeni, anayetetea. Anayeongoza hula kicheko cha hao wengine. Watafiti waliorekodi viwanja vya shule Canada, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, waliona watoto wengine wakiwepo katika asilimia 88 ya matukio. Na pale mtoto mmoja alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Kuingilia si lazima kuwe kushindana. Wale wasichana wa kwaya wanaweza kufanya jambo dogo sana: kumfuata, kusema "twende, tunakusubiri", na kuondoka naye bila kuwatazama wale watatu. Muulize ni wawili gani anaowaamini, mpange nao mapumziko na njia ya kwenda nyumbani. Shule nayo iombwe kupiga marufuku neno lenyewe linapotumika kama tusi, hata kwa mzaha, na walimu wakiwa wa kwanza. Mwalimu anayecheka "mke wetu" mstarini amekwisha kutoa kibali.

Baba yake tunamwelewa. Anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Lakini mmoja akipigana na watatu ataumia, na akifaulu kumpiga mmoja, shule itapata kesi rahisi kuliko hii, ya wanafunzi wawili waliopigana, na wote wataadhibiwa. Kazi ya baba ipo. Awe yeye anayempeleka na kumchukua kwa wiki mbili za kwanza baada ya barua, kwa kuwa huo ndio wakati kisasi hutokea. Na mtoto apewe jibu fupi moja tu la kutumia, la sauti ya kawaida, kama "sawa, nimesikia", huku miguu ikiwa tayari inaondoka. Si la kushinda. Ni la kumtoa pale bila kuwapa machozi wala hasira waliyoifuata.

Kumhamisha hakukatazwi, ila kusiwe hatua ya kwanza. Jina la utani husafiri kwa simu haraka kuliko cheti cha uhamisho, na mtoto anayeondoka kimyakimya hubeba wazo kwamba yeye ndiye aliyekuwa tatizo. Mhamishe bila kungoja kama mwalimu mwenyewe ni mmoja wa wanaomtukana, kama kuna tishio la silaha au la kumwingilia, au kama siku 7 zimepita, umeandika mara ya pili kwa ofisi ya elimu iliyo juu ya shule, na bado ngazi hazina mtu. Shule mpya iulize nani husimamia vyoo wakati wa mapumziko, mtoto akishambuliwa anamwambia nani, na mara ya mwisho walifanya nini. Ikikujibu "hapa hatuna mambo hayo", endelea kutafuta. Hakikisha pia barua ya uhamisho haina neno lolote juu ya sababu.

Mkuu wa shule akikubali, mpange kabla hujainuka kitini siku tatu za kukutana tena: baada ya siku mbili za masomo, baada ya wiki mbili, na baada ya wiki sita. Uonevu mwingi hutulia siku chache baada ya kelele, kisha hurudi kwa sura nyingine, kama kumtenga kwenye makundi ya masomo au kunong'ona anapopita. Hayo nayo yaingie daftarini. Wewe nyumbani usimhoji kila jioni. Mpe chupa ya nusu lita asubuhi na uiangalie ikirudi. Ikiwa inarudi tupu wiki baada ya wiki, na viatu vinavuliwa kabla ya choo, punguza kuandika. Lakini daftari lenyewe, pamoja na nakala yenye muhuri, liweke mpaka amalize shule.